Mvuvi Aliyesema Haitanyesha

Jambo la kwanza nililomfundisha kila mtu aliyepanda chombo changu ni namna ya kushika mshipi wa kuvulia. Usiushike kwa ngumi. Uache ulale juu ya kidole cha shahada, pale kwenye pingili ya kwanza ambapo ngozi bado ni laini, na dole gumba liuguse tu. Samaki aitwaye changu hali kama mwenye njaa. Anaonja, anaacha, anaonja tena. Ukivuta anapoonja mara ya kwanza, umemfukuza. Ukingoja mara ya tatu, amekuachia ndoana tupu. Mara ya pili ndiyo yako. Nimeyasema haya kwa zaidi ya miaka thelathini kule Tanga, na sasa nayasema nikiwa Rhotia, wilaya ya Karatu, mahali ambapo ukimtaka changu itabidi upande basi alfajiri na ushuke usiku.

Nilifikaje huku ni habari fupi. Mke wangu ni wa hapa. Alikuja Tanga akiwa msichana, mwalimu mpya wa shule ya msingi, tukaoana, akaishi pwani maisha yake yote ya kazi bila kuizoea harufu ya samaki hata siku moja. Alikuwa akiniambia, "Nikistaafu, zamu yangu." Nami nilikuwa naitikia, kwa sababu kustaafu kulikuwa mbali. Kisha kukafika. Marehemu baba yake alikuwa amemwachia eka mbili na nyumba ya matofali upande wa juu wa kijiji, ukisimama uani unauona msitu wa Ngorongoro mbele yako. Niliuza chombo, nikaiweka mishipi yangu kwenye ndoo yenye mfuniko, tukaja. Nilikuwa nimeahidi.

Mwili wangu lakini haukuwa na habari na ahadi hiyo. Ninaamka kabla ya jogoo, ninavaa sweta mbili, halafu ninakumbuka kwamba sina pa kwenda. Mwezi ninao kichwani, siwezi kuutoa. Zikifika siku za bamvua, pale mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na bahari inatoka mbali kabisa na kurudi kwa nguvu, miguu yangu inaanza kuwasha. Ninatembea hadi barabara kuu kuangalia magari ya watalii yanavyopanda kwenda kreta ya Ngorongoro. Ninarudi. Ninakaa, ninainuka, ninafungua ndoo, ninafunga ndoana kwenye mshipi, ninaifungua tena. "Kaa chini, mzee wangu, unanichosha," mke wangu ananiambia. Ninakaa. Baada ya dakika mbili niko getini.

Majirani nao hawakupona. Niliwafundisha, na hakuna aliyeniomba, namna ya kumtoa tasi kwenye ndoana bila kuchomwa na miiba yake, na kwamba ukichomwa utumbukize mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia, maumivu yatatulia. Walinisikiliza kwa heshima sana. Nilipomaliza, mkulima mmoja wa ng'ambo ya kijito akaniuliza, "Sasa mzee, huyo tasi sisi tutakutana naye wapi?" Wakacheka, nami nikacheka nao, ila iliniuma siku nzima.

Hata hivyo, si samaki nilioringia zaidi. Niliringia hali ya hewa. Wenzangu kadhaa walipinduliwa na dhoruba, mimi haikunikuta hata moja. Kila alfajiri kabla ya kushuka pwani nilikuwa nasimama mlangoni, naangalia juu, nasema kwa sauti siku itakuwaje, na mke wangu alikuwa akiisikia hukumu hiyo akiwa jikoni ananifungia chakula. Wingu linaloota juu ya nchi kavu asubuhi usiliogope, jua likipanda litalila. Wingu linalotoka baharini, tumbo jeusi na chini limenyooka, geuza chombo. Upepo ukikatika ghafla wakati maji yanajaa, usikae kuuliza kwa nini. Elimu hiyo nilihama nayo nzima nzima, kama watu wanavyohama na kabati la mninga wasijue kama litapita mlangoni.

Mwaka wetu wa kwanza mke wangu alipanda maharage. Nasema alipanda yeye, kwa sababu mimi nilikuwa nashika jembe kwa jinsi ambayo ng'ombe wa jirani walisimama kunitazama. Mbegu alizichagua mwenyewe, punje moja moja, kwenye sinia. Alipalilia mara mbili. Asubuhi kabla ya chai alikuwa shambani. Kaka zake walikuwa wamesema, na yeye alisikia, kwamba dada yao amekwisha kuwa Mswahili wa pwani, jembe hataliweza, eka zile ni afadhali wazilime wao. Hakuwajibu. Alitaka wakija waone magunia yamesimama sebuleni, basi, na maneno yaishe. Hilo ndilo alilolitaka mwaka mzima, na mimi nililijua.

Mwisho wa Mei maharage yalikauka. Tuliyang'oa, tukayaanika uani pamoja na maganda yake ili tuyapige. Zilibaki siku mbili za jua. Turubai tulikuwa nalo, zito, la kuvutwa na watu wawili.

Wiki hiyo hiyo ilikuwa bamvua. Na wiki hiyo hiyo dereva mmoja wa bodaboda akaniambia kwamba kule chini, upande wa Baray, ziwa Eyasi limejaa vizuri mwaka huu na watu wanavua. "Ila maji yake ni ya chumvi, mzee," akasema, kama ananionya. Neno hilo la chumvi sikuweza kulala nalo.

Nilimwambia mke wangu asubuhi kwamba ninashuka kuliona ziwa, nirudi kesho yake.

"Na maharage?" akauliza.

Nikatoka uani, nikaangalia. Juu ya msitu kulikuwa na ukungu, kama kila siku. Upande wa mashariki kweupe. Nikasema kwa sauti ya nahodha: "Haitanyesha. Mpaka nirudi, haitanyesha."

"Una hakika?"

"Mimi? Kwa mawingu?"

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, akanifungia viazi vitamu kwenye mfuko.

Gari lilinishusha Karatu, nikapata jingine la kuteremka bondeni. Baridi iliisha njiani, nikavua sweta moja, kisha ya pili. Vumbi, mashamba ya vitunguu, joto kama la kwetu. Nilipofika ukingoni mwa ziwa nilichota maji kwa kiganja nikaonja. Chumvi ilikuwepo, ila chungu, yenye magadi ndani yake. Sikujali. Nilikaa pale nikafurahi mpaka nikaona haya.

Halafu nikafanya ujinga wangu. Nilipiga hesabu ya mwezi, nikaona maji yataanza kujaa saa saba, nikakaa juu ya jiwe na mshipi wangu umekunjwa, nikingoja. Saa saba ikapita. Saa nane. Mvuvi mmoja wa makamo, aliyekuwa akitoa samaki kwenye nyavu karibu nami, alivumilia mpaka akashindwa.

"Shikamoo mzee. Unangoja nini?"

"Maji yajae."

Akafikiri. "Haya hayajai hivyo, mzee. Hayana pa kwenda wala pa kutokea."

Nilirusha mshipi. Kambare wa Eyasi si changu, na hili ndilo nitakalomfundisha atakayenifuata: kambare haonji. Anameza na kuondoka. Kidole changu kilikuwa kikingoja mara ya pili, na mara ya pili haikuwepo, nikapoteza chambo mara nne kabla ya kuelewa. Wa tano nilimtoa. Mkono ulipovutwa na uzito ule, nilisahau Rhotia, nilisahau ahadi, nilimsahau hata mke wangu. Ninalisema kwa sababu ni kweli.

Saa kumi hivi yule mvuvi alinyoosha kidevu kuelekea nyanda za juu. Kule nilikotoka kulikuwa kweusi kuanzia msituni mpaka chini ya mabega ya milima.

"Huko kwenu leo wanaoga," akasema.

"Wingu la nchi kavu hilo," nikamwambia. "Jua litalila."

Akanitazama, akatazama jua lilikofikia, akarudi kwenye nyavu zake. Nami nikatia chambo kingine.

Asubuhi gari halikupanda. Korongo lilikuwa limeshusha maji ya juu, njia imekatika, madereva wamekaa chini ya mti wa mgunga wanacheza karata. Nilitembea mpaka kwenye korongo nikarudi, mara sita au saba. Nilimwuliza kila aliyetoka upande wa pili kama Rhotia imenyesha. Mmoja akasema hajui, mwingine akasema imenyesha tangu jana saa sita mchana na hajui kama imeacha. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku nilitaka kuwa pale nyumbani na si mahali pengine popote, na ndiyo siku sikuweza.

Nilifika siku ya tatu na kambare wangu wawili waliokaushwa kwa moshi. Ua ulikuwa matope matupu. Mke wangu alikuwa barazani na wanawake watatu wa jirani, wamekaa kwenye mikeka, katikati yao rundo la maharage. Hakuna aliyepaswa kunieleza. Yalikuwa yamevimba, ngozi zimepasuka, na mengi yameshatoa mkia mweupe. Walikuwa wanachambua yale machache ya kuokolewa.

"Shikamoo baba," akasema mmoja wao, mama mtu mzima mwenye gambuti za mume wake. "Pole na safari. Sisi tulimwambia mwalimu tangu juzi saa nne, tuje watu wanne tuanue, ni kazi ya nusu saa. Akakataa kabisa. Akasema mzee wake amesema haitanyesha."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya. Baada ya muda wakaaga, kila mmoja ana ng'ombe wake wa kukamua, tukabaki wawili. Nilikaa chini nikaanza kuchambua. Vidole vyangu vilikuwa vinanuka samaki, nikaenda kunawa, nikarudi.

"Jumapili kaka zangu wanakuja," akasema.

"Nitawaambia ni mimi."

"Watacheka."

"Wacheke."

Tukachambua. Sikuweza kunyamaza, sijawahi kuweza. Badala ya kuomba msamaha nikaanza kutafuta wa kugawana naye kosa, tabia mbaya ninayoijua na siiachi. "Lakini hawa ni watu wa hapa," nikasema. "Walipokuambia, ungewasikiliza."

"Sikuhitaji kuambiwa." Hakuinua kichwa. "Nimezaliwa hapa. Ule ukungu wa msituni ukishuka ukavuka mikaratusi ile pale juu kabla ya saa nne, haurudi. Mama yangu alikuwa akiuona tu anaanua mpaka nguo. Niliuona unavuka. Nilikuwa nimesimama hapo ulipokaa."

"Sasa kwa nini hukuanua?"

Aliendelea kuchambua. Nilidhani amekasirika. Hakuwa amekasirika, na sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akiitumia kwa mtoto aliyeshindwa hesabu nyepesi.

"Miaka yote ile ulisimama mlangoni asubuhi ukasema leo shwari, ukaenda baharini, na mimi nikaenda darasani. Watoto hamsini wananitazama. Unafikiri ningefundishaje, kama ningekuwa na mazoea ya kutoka nje kuangalia mwenyewe? Juzi mazoea yale yale ya kukuamini yalinishika."

Nilikuwa nimehesabu miaka ile kuwa yangu, ya elimu yangu na macho yangu, na kumbe kila asubuhi kulikuwa na mtu jikoni anajizuia asitazame dirishani. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilimwambia nisamehe. Akasema haya, akanisogezea ungo mwingine.

Usiku ule mvua iliacha. Alfajiri nikatoka kama kawaida yangu, nikasimama mlangoni na sweta zangu mbili. Ukungu ulikuwa msituni, upepo umelala, na nilikuwa na maoni kamili kabisa kuhusu siku itakavyokuwa. Nikarudi ndani.

"Mama," nikamwambia mke wangu, "tuanike nje yaliyobaki, au tusianike?"

Alikuwa ameshika sufuria ya chai. Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akaiweka chini, akajifunga kitenge, akanipita mlangoni, akatoka nje kuangalia mwenyewe.