Pazia Lililopigwa Fundo

Juzi, kwenye zahanati moja hapa Bariadi, mwanamume mwenye fimbo ya ng'ombe kwapani alimleta binti wa kaka yake, ameungua mgongoni. Muuguzi akamuuliza mtoto mbele yetu sote tuliokuwa foleni, "Nani kakuchoma, mwanangu?"

Mtoto aliutazama mkono wa baba yake mdogo, uliokuwa begani kwake. Vidole vikakaza.

"Nilijimwagia uji."

"Mgongoni?" Muuguzi aliguna, akaendelea kufunga bandeji. "Baba, kidonda kisilowe. Mrudishe Ijumaa."

Pazia la kumsitiri mgonjwa lilikuwa palepale, limepigwa fundo lisisumbue wapitao. Kulivuta, kumwambia yule bwana asubiri nje, kisha kumuuliza mtoto tena taratibu, kuna ugumu gani? Wamemrudisha nyumbani na mkono uleule begani. Basi Ijumaa wamwandalie bandeji kubwa zaidi.