Matundu Sita

Kuna wanawake wanaolia kwamba waume zao wana wanawake nje. Wangu hana. Wangu ana dayari za pete, na siku ile mimi na binti yetu tuliporudishwa kutoka chuoni, ningeambiwa nichague, ningechagua huyo mwanamke, maana angalau ningemfuata kwake nikamwambia yangu ya moyoni.

Kwa asiyezijua, hizi ni dayari zenye jalada la ngozi, na ndani yake kuna pete sita za chuma. Ukibana nchani pete zinaachana, ta! Unatoa ukurasa, unaingiza mwingine, unauhamisha wa Jumatatu ukakae na wa mwezi ujao. Mume wangu husema dayari za kawaida hufa kila Desemba, lakini hii unabadilisha nyama tu, mifupa ni ile ile. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, nami za kwake nimezichana miaka yote ya ndoa bila kuzimaliza.

Yeye ni fundi wa lifti. Dayari ya kwanza alipewa na injinia mzee aliyemfundisha kazi, ikiwa na vipimo vya kamba za chuma na uzito wa kila aina ya lifti, na bado inanuka grisi. Kuanzia hapo akashikwa. Akiona moja kwenye meza ya mitumba, mimi na mfuko wa mboga tunasahaulika hapo hapo njiani. Kabati la sebuleni, ambalo mama yangu alininunulia niwekee vyombo, limejaa ngozi nyeusi, ngozi ya kahawia, ngozi iliyochanika. Vyombo viko chini ya kitanda.

Na historia yake! Mgeni akishapewa chai hana pa kukimbilia. Ataambiwa kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita, huko Marekani, majalada haya yalitengenezewa mainjinia, ili watembee na majedwali yao mfukoni. Ataambiwa jinsi Waingereza walivyoyachukua, yakapendwa na wanajeshi na makasisi. Halafu itakuja hadithi anayoipenda kuliko zote, ya karani mmoja wa kike wa London. Wakati wa vita bomu liliangukia ofisi ya kampuni iliyouza dayari hizo, kila kitu kikateketea. Lakini yule karani alikuwa ameandika majina na anwani za wateja wote kwenye dayari yake mwenyewe. Kampuni ikafufuka kutoka humo.

"Unaona?" atamwambia mgeni, na sauti inamtetemeka kweli. "Karatasi iliyo peke yake hupotea. Iliyo kwenye pete haipotei."

Ndiyo maana alinunua mashine ya kutobolea karatasi, yenye meno sita, nzito kama pasi ya mkaa. Kilichoingia nyumbani kwetu kikiwa karatasi kilitobolewa: kadi za kliniki, risiti ya friji, michoro ya watoto. Kazini wenzake wakamwita Matundu, naye akalipokea jina kama cheo.

Binti yetu wa kwanza alipomaliza shule na kupata cheti chake, alimkabidhi baba yake siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anamwamini tu. Huyu ni mtoto ambaye tangu mdogo akidondosha jino alikuwa akimpelekea baba yake, si mimi.

Baadaye akaitwa chuo cha uuguzi. Alikuwa akikitaka tangu anafunga mikono ya midoli kwa vipande vya pazia ninavyobakiza kwenye cherehani. Barua ya wito ilisema wazi: njoo na cheti halisi. Asubuhi ya kwenda, baba yake akampa bahasha iliyofungwa vizuri, akatuaga, akaenda zake kwenye lifti zake.

Chuoni tulisimama kwenye foleni mbele ya dirisha la usajili. Msajili alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa ncha ya pua. Akakitoa cheti, akakipapasa, akakigeuza. Kisha akainuka, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Nikaona viduara sita, vimejipanga ukingoni.

"Binti, hiki cheti kimechezewa," msajili akasema. "Hapa kwenye namba ya mtahiniwa pamebandikwa karatasi. Hii tarakimu ya mwisho imekaa upande."

"Sijakichezea, mama," binti yangu akasema. "Nimekitoa kwa baba."

"Wote husema hivyo."

Nikaropoka kwamba mume wangu hupenda kutoboa karatasi. Ukiyasema maneno kama hayo mbele ya foleni ndipo unajua yalivyo ya kijinga. Msajili akanitazama kama ninamchezea pia, akakifungia cheti kwenye droo. Alisema kitapelekwa baraza la mitihani kama cheti cha kughushi, na jina la binti litaandikwa huko, na mwenye jina lililoandikwa huko hapokelewi chuo chochote. Alitupa siku moja, kama tuna maelezo yanayoeleweka.

Njiani binti hakulia. Aliniuliza jambo moja tu: "Mama, Baba alijua?"

Jioni mume wangu aliporudi nilimsubiri mlangoni. Sitayaandika yote niliyosema, majirani waliyasikia na inatosha. Alikaa kitini na buti zake za kazi, akakiri. Jana yake alipokitoa cheti kwenye pete ndipo alipoona, kwa mara ya kwanza, kwamba tundu la tatu limekula namba. Siku alipokitoboa aliona ukingo tu. Basi akaimwaga trei ya mashine, vile viduara vyote vya karatasi, akavichambua kama mchele mpaka akapata sita vyenye rangi ya cheti, akavirudisha kwa gundi.

"Nilidhani hawataona," akasema.

"Kwa nini hukutuambia, baba watoto? Tungekwenda na matundu yetu wazi, tukajieleza!"

"Niliona aibu."

Mficha uchi hazai. Matundu peke yake yangekuwa ujinga wa mzee. Gundi ndiyo iliyoyafanya kuwa kesi. Binti alikuwa amesimama kando ya kabati, amesikia kila neno.

Kesho yake mume wangu hakwenda kazini. Alibeba dayari zake zote za nyaraka kwenye mifuko miwili mikubwa, akatangulia mbele yetu mpaka kwenye lile dirisha.

"Mimi ndiye niliyetoboa," akamwambia msajili. "Na mimi ndiye niliyebandika. Naomba uone nilivyo."

Akaanza kufungua. Ta! Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wa binti yetu, matundu sita. Ta! Hati ya kiwanja, matundu sita, moja katikati ya muhuri. Kibali cha mazishi ya baba yake. Picha za harusi. Msajili akaita wenzake wawili waje waone. Foleni nayo ikasogea. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Mzee, hata cheti cha ndoa?" msajili akauliza.

"Hicho ndicho nilichoanza nacho."

Tundu la pili lilikuwa limepita kwenye jina langu. Watu wakacheka, kijana mmoja mpaka akashika ukuta. Mume wangu hakucheka wala hakujitetea. Aliendelea kufungua na kuwaonyesha, jasho likimtiririka shingoni, kitu alichokipenda kuliko vyote duniani kikiwa ushahidi wa upumbavu wake. Mimi niliyemtukana usiku mzima nilitamani kumshika mkono nimwambie basi, yatosha. Binti alikuwa anatazama sakafu.

Msajili aliposhiba kucheka akafuta miwani. Alisema ameridhika, si kughushi, na jina la binti halitapelekwa popote. Lakini cheti kile hakifai tena. Baraza litaombwa barua ya uthibitisho, barua huchukua muda, na nafasi ya mwaka huu itakwenda kwa mwingine. Aje mwakani.

"Mwaka mzima?" mume wangu akauliza.

"Shukuru ni mwaka, mzee."

Maji yakimwagika hayazoleki. Wenzake walianza masomo, binti akabaki nami kwenye cherehani, akipinda pazia za watu. Hakumkosea baba yake heshima hata siku moja. Alimwandalia maji, alimsalimia, alimjibu. Mume wangu naye akaacha kununua dayari, na wageni wakawa wanakunywa chai yao kwa amani. Ningefurahi, lakini nyumba ilikuwa imepoa.

Barua ya uthibitisho ilipofika, binti aliifuata posta mwenyewe. Aliingia akihema, uso umechangamka kama zamani.

"Baba, imekuja!"

Mume wangu akasimama haraka, akafuta mikono kwenye suruali, akaunyoosha mkono kuipokea. Binti akaishusha barua, akaiweka nyuma ya mgongo. Hakuwa na hasira. Nadhani mkono ulikwenda wenyewe.

"Kaa tu, Baba," akasema. "Nitakusomea."

Akamsomea yote, kutoka anwani ya juu mpaka sahihi ya chini, polepole na kwa sauti, kama tunavyomsomea bibi yake asiyejua kusoma. Baba yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri sana, mwanangu, hongera. Binti akashukuru, akaenda chumbani kwake.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufunga mlango wa chumba mchana. Tukasikia ufunguo ukizunguka.