Mkono wa Ami Seif

Nilifunga safari hii kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe. Kazi yangu ni kuwakagua wanaoiuzia vyakula kampuni yetu hapa Voi, nasi twapikia wagonjwa hospitalini. Mwaka jana nilimkagua Ami Seif, mchinjaji wetu wa kuku wa Mombasa. Niliuona mkono wake ukitetemeka, na kisu kikiinuka kabla koo halijakatika sawasawa. Nikaandika: "Halali, safi." Ningeandikaje vingine? Ami Seif ni nduguye marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea, tena ndiye aliyenifundisha kuchinja.

Alfajiri niliondoka Voi nikiomba nimkute amestaafu mwenyewe. Pale Makupa malori yalikuwa yamefungana, na kwa mara ya kwanza maishani nikafurahia foleni.

Saa tatu nilishuka kwenye tuktuk Ndia Kuu, nikaingia kichochoroni kwake. Binti yake, Mwanaisha, akanifungulia. Nikambusu ami mkono, nao ukatikisika ndani ya viganja vyangu.

"Karibu mkaguzi!" akacheka. "Leo waja kunikamata?"

"Astaghfirullah, ami."

"Kula kwanza. Mkaguzi mwenye njaa huona makosa hata kwenye maji."

Mwanaisha akaandaa mahamri na mbaazi. Babake alitiliwa chai nusu kikombe tu, isimwagike.

Saa nne tulikuwa machinjioni. Nikapima friza, baridi yake nzuri. Nikatazama mabomba, meza, sakafu: kote kumesuguliwa. Laiti ningepata kosa jingine la kuandika! Kisha ami akaelekea kibla, akataja jina la Mungu. Kuku wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu, kisu kikapita juu juu. Mbaraka, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kazi yake ni kupokea kuku nyuma ya ami, akamtumbukiza yule haraka kwenye ndoo yenye kifuniko.

Nikafunua. Kuku alikuwa hai, ananitazama.

"Hawa hatuuzi, wallahi," Mbaraka akaninong'oneza. "Twawatupa. Lakini siku za kazi nyingi, sijui kama twawaona wote. Na yeye hatujamwambia. Nani atamwambia? Wewe?"

Nikamwendea.

"Ami, niwie radhi. Mkono hauwezi tena. Kuku wengine yamkini huingia maji ya kunyonyolea hawajafa. Wale ni vibudu, si halali kuliwa."

Akaweka kisu chini taratibu.

"Kutetemeka najua," akasema. "Kwamba hakikati, sikujua. Macho yangu nayo hayaoni vyema. Kila siku mwaniambia mashaallah, ami, mashaallah. Mbaraka, tangu lini?"

Hakumngoja ajibu, akanigeukia mimi.

"Nawe wajua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, ami."

"Mwaka mzima nawalisha watu vibudu, nanyi mwanibusu mkono?"

Hakupaza sauti. Mimi ndiye niliyelia, mbele ya kuku na wafanyakazi, wala sikuona haya.

Alasiri tuliswali msikiti wa karibu na kwake, ambao wengi wa jamaa zake hununua kuku wake. Baada ya salamu, kabla watu hawajatawanyika, ami akasimama huku ameshika nguzo. "Jamaa zangu," akasema, "nimewalisha nisichokuwa na yakini nacho. Wagonjwa pia nimewalisha. Nisameheni." Watu wakaitikia, tumesamehe, tumesamehe, wengine wakifuta machozi kwa vilemba. Mimi niliyejua nilibaki nimekaa safuni. Nilitaka kusimama, sikusimama.

Nilirudi Voi siku hiyo hiyo. Asubuhi yake niliandika ripoti mbili, moja ya mkono wa ami na moja ya uongo wa kalamu yangu ya mwaka jana, nikazipeleka kwa meneja pamoja. Nilikuwa nikidhani namsitiri mzee wangu. Kumbe nilimwachia mzigo asioujua aubebe mbele ya Mungu, nikauita heshima.

Kisha nikampigia simu. Akapokea Mwanaisha.

"Amelala," akasema. "Tangu jana hali kitu. Lakini amesema ukipiga nikwambie, Mungu akulipe kheri kwa kusema kweli. Na chai atakutilia mwenyewe ukija."

Nilikata simu. Heri angenitukana.