Goti la Fundi Bomba

"Siweki sahihi! Wakinipasua kichwa na uvimbe umeshateremka gotini, si watakuwa wanafagia nyumba ya jirani?"

Huyo ni mdogo wangu, fundi bomba, mtaa mzima unamwita Spana. Kichwa alizaliwa nacho kikubwa. Mama alikuwa akimvisha fulana kuanzia miguuni. Sasa humo ndani kumeota uvimbe, goti nalo linamuuma, upasuaji ni kesho asubuhi, na bila sahihi yake hakuna wa kumgusa.

"Kwani daktari kakwambiaje?" nikamuuliza.

"Eti uvimbe ulioanzia kwenye ubongo ni nadra kutoka kichwani. Ukisafiri, mara nyingi unafuata maji ya uti wa mgongo. Saratani za kwingine, za mapafu sijui za matiti, ndizo zinazopanda kichwani."

"Na mgongo si wameupiga picha?"

"Safi."

"Sasa gotini umefikaje? Umepanda pikipiki?"

"Dada, usinifundishe kazi. Kichwa ni tangi la juu ya paa. Tangi likichafuka, kila bomba la chini linatoa uchafu. Miaka arobaini naona hivyo."

Arobaini kweli. Hakuna sinki mtaani ambalo hajalipigia magoti. Siku moja aliingiza mkono kwenye choo cha mwalimu mkuu akatoa kijiko, soksi, na kuku mzima anayetembea. Nilikuwepo.

Wifi yangu, mkewe, alikaa mwisho wa kitanda, fomu mapajani, kalamu ameitafuna mpaka kifuniko kimebonyea. Siku ya tatu hiyo hajalala.

Kwenye kona ya wodi bomba la kunawia lilikuwa likidondoka, to, to, to.

"Spana, lile linavuja. Tangi la hospitali limeoza?"

"Tangi linahusu nini? Mpira wa ndani umelika. Linafunguliwa kila dakika, lisichoke?"

"Na goti ulilolipigiza sakafuni miaka arobaini?"

Akalipapasa goti. Wifi akaangua kicheko, cha kwanza tangu Jumatatu, akamsogezea fomu.

Spana akaitazama, sauti ikashuka. "Lakini nikiamka nisimjue huyu je?" Akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Nitakugombeza," wifi akasema. "Utanijua tu."

Akaichukua kalamu, akaipangusa mate kwenye shuka, akaanza kuandika jina. Alipofika herufi ya mwisho mlango ukasukumwa, nesi akaingia na mashine ya kunyolea.

"Wa kichwa ni nani humu?"

Mkono wenye kalamu ukapanda juu.