Siku Mama Mkwe Alipotaka Sindano

Tangu nioe, ukweni wananiita daktari, nami naitika. Ukweli ni kwamba mimi ni dresa tu katika zahanati moja ya Likoni: naosha vidonda na kufunga bendeji. Sindano siruhusiwi kumdunga mtu mpaka daktari mwenye leseni awe amesimama kando yangu, naye huvuka na feri Jumanne tu.

Juzi, Alhamisi, akaingia mama mkwe wangu akichechemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nna jipu. Nataka sindano."

"Liko wapi, mama?"

Akatazama ukutani. "Hapo ninapokalia."

Jasho likanitoka. Nikikubali, navunja sheria, tena namvua mkwe wangu nguo. Nikikataa, udaktari wangu umekwisha. Nikafungua kabati, nikalifunga, nikalifungua tena. Mwisho nikasema, macho chini, "Nisamehe, mama. Mimi si daktari. Sina ruhusa ya kudunga."

Akashusha pumzi, nami nikashusha yangu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Njia nzima nawaza nitakuvulia vipi leso. Na hilo la udaktari, mkeo alitwambia kabla ya harusi. Twakuita hivyo kwa kuwa twaona wafurahi."