Herufi M kwenye Ganda la Yai

Kazini walimwita Bi Mayai, naye aliitika bila kinyongo. Aliingia katika maabara ile akiwa mwosha chupa. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa na chumba chake: meza moja, hadubini moja, mashine ya kutotolesha vifaranga, na penseli iliyochongwa mpaka ikawa fupi kama kidole gumba.

Kazi yake ilikuwa kulikatia yai lenye kifaranga kichanga kidirisha kwenye ganda, kuweka ndani kipande cha karatasi kidogo kama punje ya dengu, kisha kuziba kwa utepe. Baada ya siku tatu alichungulia kuona kama mishipa ya damu imeota chini ya karatasi ile au imeikwepa.

Mumewe, fundi bomba, hakuchoka kumtania. "Mke wangu, mimi nashinda nikiunganisha mabomba, wewe unashinda ukizuia yasiunganishwe. Utaniua njaa!"

"Nazuia ya wezi tu, baba watoto. Uvimbe mbaya ukitaka kunenepa huvuta mishipa mipya ya damu, kama yule jirani aliyejiunganishia maji ya watu."

"Na unauzuia kwa kitu gani?"

"Kwa mchuzi."

Mchuzi ndilo jina walilolipa pale kazini tone la protini zilizotolewa kwenye gegedu, ule mfupa laini kama wa ncha ya pua. Gegedu halina mishipa ya damu. Lina protini za asili zinazoizuia isiote humo. Karatasi za mayai mengine zilitiwa mchuzi, za mengine maji matupu, ili yalinganishwe.

Jumatatu moja jino lilimkamata Bi Mayai, akaenda kuling'oa. Trei la mayai lilikuwa tayari limewekwa alama ya penseli, M kwenye baadhi ya maganda, kwa hiyo daktari kijana, mtafiti mgeni pale, ndiye aliyetia matone. Alhamisi Bi Mayai alirudi na shavu lililovimba upande mmoja, akachungulia, akajaza jedwali. Lo! Maji yalikuwa yamefukuza mishipa, na mchuzi umeiotesha kama magugu.

Mkuu wa maabara alilisoma jedwali mara mbili. "Kama maji ya bomba yanaishinda protini yetu, tunafanya nini hapa? Mwisho wa mwezi chumba hiki nakifunga. Bi Mayai, utarudi kwenye chupa."

Bi Mayai alitazama vidole vyake. Vilikuwa vimesahau sabuni zamani.

Daktari kijana alimfuata chumbani, uso umemshuka. "Pole, mama. Tena yale ya M yalitoka vizuri sana. Duara safi, hakuna hata mshipa."

"Vizuri vipi, mwanangu? Maji hayatakiwi kuwa na duara."

"Maji yametoka wapi? M si mchuzi?"

"M ni maji!"

"Mama! Kwa nini M iwe maji?"

"Kwa sababu maji yanaanza na M!"

"Na mchuzi unaanza na nini?"

Bi Mayai aligeukia ganda moja, akaisoma M yake mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuwahi kuliwaza hilo. Yai la mchuzi hakuliandika chochote. Hayo ndiyo yaliyokuwa mengi, naye alikuwa akiibania penseli. Kicheko kilimtoka huku ameshika shavu, maana pengo lilikuwa bado bichi. "Usinichekeshe, utanitonesha pengo wewe!"

Wakaenda kwa mkuu wakiwa wawili, kila mmoja akigombania kosa. "Langu," alisema Bi Mayai. "Langu, sikuuliza," alisema kijana.

"Maneno matupu," alisema mkuu. "Nionyesheni mayai."

Kwa bahati, mayai ya trei jingine kwenye mashine yalikuwa yamefikia umri unaofaa. Safari hii Bi Mayai alitia matone mwenyewe, kijana akitaja kila ganda kwa sauti, maji au mchuzi, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Siku ya tatu mkuu aliinamia hadubini. Kwenye mayai ya maji mishipa ilipita chini ya karatasi bila hodi. Kwenye ya mchuzi ilifika ukingoni, ikakunja kona kama watu wanaokwepa dimbwi.

Mkuu akainuka. "Chumba kibaki. Lakini hiyo herufi siitaki kuiona tena."

Wiki hiyo mumewe alimkuta akichonga penseli mpya mezani. "Ya zamani si ilikuwa ya kukuzika nayo?"

"Imekwisha," alijibu Bi Mayai. "Siku hizi naandika neno zima."