Skrubu za mguuni mwa mama zilisema jambo ambalo mama alishindwa kulisema

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote, shikamooni.

Mie humu ni msomaji tu, nasomaga napita. Ila juzi nimeona jamaa anaulizia habari za wazazi wanaovunjika wakiwa wameshakula chumvi nyingi, nikaona nisikae kimya.

Haya yametokea kwangu, na sijayapaka rangi. Mama mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti nisimgeuze kichekesho.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Masasi. Kwenye nyumba yetu uongo ulikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja vyombo. Baba alipofariki nikamchukua, sasa tunaishi naye huku Madale, mie, wife na watoto.

Wanaoijua Madale wanajua vilima vyake. Kutoka mlangoni kwetu hadi getini ni ngazi za sementi. Asubuhi moja baada ya manyunyu mama aliteleza hapo.

Nilipofika alikuwa amekaa ametulia kabisa, ameshika paja.

"Usininyanyue," akaniambia. "Umevunjika huu. Tafuta gari."

Na kweli, mfupa wa paja ulikuwa umekatika.

Hospitali (sitaitaja) daktari akatueleza kwamba atafungwa pleti ya chuma na skrubu. Halafu akasema kuna skrubu za aina mpya wanazozifanyia majaribio. Kwa macho ni skrubu kama nyingine, ila ndani zina sensa ndogo sana. Sio ile sensa ya kuhesabu watu jamani. Hii inahisi skrubu imebeba uzito kiasi gani mgonjwa akikanyaga.

Mgonjwa anavaa mkanda pajani, mkanda unasoma zile skrubu, kisha unatuma kwenye app ya simu. Daktari naye anaona huko aliko.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, mpole, wagonjwa wanamwita Dokta Upendo. Mama akamuuliza maswali kama anasahihisha mtihani, mwisho akakubali.

Nitoke nje ya mada kidogo. Majirani waliposikia, ikawa ishu. Mmoja akaniambia mama amewekewa chip, serikali itajua alipo. Nikamwambia mama yuko sebuleni, serikali ikimtaka ipige hodi.

Tuendelee.

Operesheni ilienda salama. Mwanzoni alikatazwa kuukanyagia kabisa ule mguu. Muda ulipofika akaruhusiwa kukanyaga kidogo kidogo kwa ile fremu ya chuma ya kutembelea, na kuongeza kila wiki. Dokta alisisitiza mfupa unahitaji uzito ili uunge vizuri. Ukiudekeza unalala.

Basi kila asubuhi tukawa tunasikia fremu chumbani kwa mama. Ko, ko, ko. Wife anatabasamu, "Mwalimu yuko kazini." App ilikuwa kwenye simu yangu, lakini kusema kweli sikuwa naifungua. Naenda kazini na moyo mweupe.

Siku moja Dokta Upendo akanipigia.

"Kaka, mama anafanya mazoezi?"

"Kila siku dokta. Tunamsikia."

"Huku skrubu zinaonesha hazijabeba uzito wowote. Mstari wa uzito kwenye app umelala tu. Na mkanda anauvaa, hilo naliona."

Nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba vifaa vyao vibovu. Mama yangu hadanganyi. Akasema inawezekana, tuje wavikague. Ila akaongeza kwamba kama vifaa ni vizima, mfupa unaweza usiunge, na huenda tukarudi tena chumba cha upasuaji.

Hiyo sentensi ilinikaa. Kwa umri wake, operesheni ya pili si mchezo.

Kesho yake nilichelewa kutoka. Mama alidhani nimeshaondoka. Nikasikia ko, ko, ko. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo, nikachungulia.

Mama alikuwa amekaa kitandani. Ameshika fremu kwa mikono miwili, anaigonga sakafuni. Miguu yote miwili iko juu ya kigoda.

Wakuu, nilirudi sebuleni nikakaa. Nilitamani kukasirika nikashindwa. Mtu aliyetuchapa kwa ajili ya uongo mdogo wa nani kalamba sukari, leo anaigiza kutembea ili sie tulale vizuri.

Baadaye nikapiga hodi, nikaingia, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Mama, unaogopa nini?"

Aliniangalia, akajua nimeona.

"Unamkumbuka mama yako mdogo Agata?"

Namkumbuka kwa mbali. Mdogo wake wa mwisho. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa alifariki kwa mguu, basi.

"Agata aliwekewa chuma kama hiki," mama akasema. "Akaona amepona, akakanyaga. Chuma kikakatikia ndani. Mie ndo nilikuwa namgeuza kitandani, mie ndo nilimwosha mpaka siku ya mwisho. Kila nikishusha huu mguu, nasikia chuma chake."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Miaka yote ile.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Akasema, "Mtu mzima atasemaje anaogopa kushusha mguu?"

Nilimpigia Dokta Upendo nikiwa nimetoka nje. Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya vifaa vibovu. Akasema, "Mlete. Na tafadhali usimgombeze."

Tulipofika dokta naye hakumgombeza. Alimsimamisha katikati ya bomba mbili za kushikilia, akaiweka tableti yenye ile app mbele ya uso wake.

"Mama, huu mstari wa chini ni wewe. Ule mwekundu juu kule, ukiufikia mie ndo naanza kuwa na wasiwasi. Shusha mguu taratibu, uangalie mwenyewe."

Mama akagusa chini kwa kidole gumba. Mstari ukapanda kidogo. Akautoa mguu haraka. Akagusa tena. Akaweka unyayo wote.

"Nimefika wapi?"

"Hata nusu bado."

Akaegemea zaidi. Ameng'ang'ania bomba, machozi yanamtoka, lakini macho hayabanduki kwenye kioo.

"Bado kuna nafasi?"

"Ipo mama. Kubwa."

Akapiga hatua. Halafu nyingine.

Kwenye gari, tulipokaribia nyumbani, akanyoosha mkono. "Hiyo app niwekee kwenye simu yangu. Mguu ni wangu, taarifa zake mnasoma nyie?"

Tangu hapo mambo yakabadilika. Anatembea barazani, miwani puani, simu inaning'inia shingoni. Siku akifika juu zaidi ya jana anatuita wote tuje kuona.

Kuna wiki alishtuka, anatembea vilevile ila mstari unashuka. Akadhani skrubu imelegea. Akampigia dokta mwenyewe. Dokta akacheka, akamwambia hiyo ndo habari waliyokuwa wanaingoja: mfupa umeanza kubeba uzito wenyewe, chuma kinapumzika.

Mama alikata simu akaenda chumbani, akafunga mlango. Wife alisema aachwe. Tukamwacha.

Nilichojifunza wakuu: mzazi akiumwa tunamuuliza umekula, umemeza dawa, umefanya mazoezi. Maswali ya mkaguzi. Lile la anaogopa nini hatuulizi, tunaona kama tunamvunjia heshima. Zile skrubu zilionesha mguu haukanyagi, ila kwa nini haukanyagi zisingeweza kujua. Na kifaa kikiwepo, mpe mwenye mwili wake aone. Usimfanye kitu cha kulindwa na watu wenye simu.

Sasa hivi naandika hapa, yeye yuko getini anabishana na muuza samaki kuhusu vibua. Amesimama muda wote huo, na bei haijashuka.

Mwenye mzazi aliyepitia haya, au mtaalamu wa mifupa anayezijua hizi skrubu kuliko mie, karibu uongeze au unikosoe. Nitasoma kila comment, na mama amesema nimsomee na yeye.